Pamba Imekwisha

Likoni, 4 Aprili 1962

Mdogo wangu Barke,

Baada ya salamu, na pole ambayo sichoki kuirudia, pokea hicho kifurushi. Ndani mna uzi mweupe wa pamba na sindano yako ya kroshia, ile uliyoiacha hapa ulipoolewa, nami nikaificha ndani ya mtungi Baba asije akaitupa. Wifi yako Florence ameniambia kwamba tangu Kombe azikwe huli ukashiba, unakaa tu unatazama mlango. Eda si kifungo. Mjane hukaa ndani mpaka siku zake zitimie, lakini mikono haikukatazwa kazi.

Sikiliza shauri langu. Baba kifua kimemshika tangu kaskazi ilipokwisha. Anatetemeka, na blanketi lake limekuwa tambara. Tumfumie jingine, mimi na wewe. Ufume miraba ya upana wa shibiri moja, kila mmoja kwa mfumo wake usiofanana na mwingine, nami nifume yangu, kisha niiunge yote. Mifumo tunayoijua tutaifuma, na tuliyoisahau tutaizua.

Nakuandikia kwa hati zetu za Kiarabu, kama Baba alivyotufundisha, maana zile za Kizungu wazijua wewe na Florence. Irabu nimezitia zote, juu na chini ya herufi. Najua wewe bila irabu huwezi kusoma hata jina lako.

Dada yako,
Mwanasiti


Magogoni, 19 Aprili 1962

Dada Mwanasiti,

Kifurushi kimefika. Nilipoishika ile sindano nililia, kisha nikaanza kufuma, na siku hiyo nikala.

Lakini niambie, Baba anajua kwamba miraba hii ni ya mkono wangu? Miaka sita hajavuka kizingiti changu. Alisema Kombe ni Mgiriama aliyesilimu kwa ajili ya mwanamke, si kwa ajili ya Mungu, na neno hilo hajalirudisha. Hata mazikoni hakuja. Kombe alikuwa akitoka kazini Kipevu na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, na bado anakimbilia msikitini kabla hajaja kula. Mimi nilikuwa nikimgombeza kwa chakula kupoa.

Sasa nakaa eda yake bila kuongeza wala kupunguza. Mbele ya mlango wangu yuko Bi Waridi, unamjua, anayechambua mchele kutwa na mchele wenyewe hauishi. Anangoja nitoke. Nikitoka hata hatua moja atasema, si mliona, ndoa yenyewe haikuwa ndoa, na aliyekufa hakuwa Mwislamu wa kukaliwa eda. Watu watamwamini, kwa sababu baba yangu mwenyewe alilisema kabla yake.

Nataka jambo moja tu duniani. Nataka Baba aseme kwa kinywa chake kwamba Kombe alikuwa mkwe wake. Naogopa kifua chake kisinitangulie, mimi nikiwa humu ndani.

Nimeleta miraba mitatu. Huu wenye vitundu nimeuita kashata.

Mdogo wako,
Barke


Likoni, 2 Mei 1962

Barke,

Baba ameuona mraba wako wa kashata. Ameupapasa, akaugeuza nyuma na mbele, akasema mkono huu ni mkono wa fundi. Basi tulia.

Sasa tuje kwenye kazi. Miraba yako imebana mno. Nimeweka mmoja juu ya wangu, umepungua vidole viwili, na idadi ya vitanzi ni ileile. Nikiiunga hivi, blanketi litajikunja kama uso wa shangazi akionjeshwa mchuzi wa mwenzake. Unauvuta uzi kama unaokoa mtu kisimani. Legeza mkono. Hiyo iliyokwisha kubana nitaizungushia safu moja ya ukingo ilingane na yangu, lakini siwezi kuzungushia yote, na pamba ni ghali.

Kifua cha Baba ni vilevile. Anakunywa uji na anagombana na jirani yetu Mwinyihaji juu ya Mwambao, kama utakuwa wa Sultani au wa Kenya. Mwinyihaji anasema hivi, Baba anasema vile, na wote wawili hakuna aliyewauliza.

Mwanasiti


Magogoni, 20 Mei 1962

Dada yangu,

Nimejaribu kulegeza mkono, haulegei. Nikianza safu naanza vizuri, kisha namfikiria Baba, nikitazama uzi umekaza tena.

Usinifiche. Florence alipopeleka huko miraba yangu alirudi akasema alimsikia Baba akikohoa tangu njiani, kabla hajapiga hodi. Wewe unaniandikia uji na Mwambao. Mimi si mtoto. Kombe naye waliniambia ana homa kidogo, na mpaka nafika hospitali walikuwa wamekwisha kumfunika uso.

Kwa hivyo nakuomba, likitokea la kutokea usinizungushe na maneno marefu. Niandikie neno moja tu. Nitaelewa.

Barke


Likoni, 5 Juni 1962

Barke,

Pamba imekwisha tangu jana. Usihangaike, kaa ndani. Mengine baadaye. Nzai wa nazi anapita huko, ndiye mletaji, na ananihimiza hapa mlangoni.

Mwanasiti


Magogoni, 5 Juni

Wifi Florence,

Nakuandikia kwa hati unazozisoma, na karatasi hii naiacha chini ya kinu ambapo hukosi kuiona. Baba amekwisha. Amekwisha tangu jana. Dada ameniletea barua kwa mkono wa Nzai, naye Nzai ameitupa mlangoni akaenda na mkokoteni wake, sikuwahi kumuuliza. Dada ameniambia nikae ndani. Siwezi, Florence. Labda hawajamtoa, labda nitauona uso.

Bi Waridi ameniona nikivaa buibui. Akikuuliza, usimjibu kitu. Najua ninachokipoteza. Ndugu yako Kombe anisamehe, nilitaka kumtimizia haki yake yote.

Wifi yako,
Barke


Likoni, 6 Juni 1962

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa nimekaa kitako chini, na kila neno nalitia irabu, na kila irabu naitazama mara mbili.

Nani angefikiri? Kwa hati zetu pamba na baba huandikwa sura moja, maana pe yetu ni be ileile, na ile m ya katikati haiandikwi. Imekwisha na amekwisha hutenganishwa na kistari kimoja, kikiwa chini ya alifu ni pamba, kikiwa juu ni Baba. Nami kwa haraka ya Nzai sikutia hata kimoja. Wallahi mimi nilikuwa nakwambia habari ya uzi. Uzi, Barke. Nilimaliza kibonge cha mwisho juzi ile nikizungushia ukingo miraba yako iliyobana.

Sitausahau mlango ulipofunguka. Baba ameketi sebuleni na bakuli lake la uji, wewe umeingia na vumbi mpaka magotini, ukamwona, ukakaa chini pale pale kama gunia lililokatwa kamba. Akasema, “Nani alokwambia n'mekufa?” Ukampa karatasi. Akaitafuta miwani, akasoma, akaisoma tena, kisha akaanza kucheka na kikohozi kikamkamata katikati ya cheko. Nilidhani sasa ndiyo nimemuua kweli.

Na mimi nina langu la kukiri. Zile sifa alizosema ni za kweli, alizisema, ila nilikuwa nimemwambia miraba ni ya mwanamke mmoja wa Changamwe. Niliogopa akijua ni yako atakataa kujifunika. Wewe ulipoinama kushika miguu yake ile sindano ikakuanguka kutoka kwenye buibui. Uliiona jinsi alivyoitazama? Ndiye aliyekununulia, ukiwa na meno ya utotoni. Alikuuliza tu umetoka wapi, ukajibu umetoka edani.

Hapo ndipo alipoliweka bakuli chini. Kisha akavaa kanzu yake ya kutokea, yeye ambaye tangu Mfungo hajafika hata msikitini, akakwambia, “Yeo hulali huku. Inuka, nikurudishe kwa mumeo.”

Ulimsikia, Barke, au machozi yalikuziba masikio? Hakusema nyumbani. Alisema kwa mumeo.

Amerudi amechoka, ameingia chumbani bila kuniambia lolote, na asubuhi hii amelala bado. Niandikie. Mlifika kabla ya jua kutua? Bi Waridi je?

Mwanasiti


Magogoni, 8 Juni 1962

Dada yangu,

Nilimsikia. Kutoka Likoni mpaka hapa nilikuwa nalirudia neno hilo moyoni, na sikuthubutu kumtazama usoni asije akalirudisha.

Kwenye kivuko alikaa juu ya gunia la mtu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Tulipofika daraja la Nyali alisimama mara nyingi kupumua, akisema anatazama maji. Mimi nilikuwa nalitazama jua. Nilijua nikilala nje ya nyumba ya Kombe usiku ule, basi nimekwisha mimi, na safari hii si kosa la irabu.

Tumefika jua bado liko. Bi Waridi alikuwa barazani kwake na wanawake wawili, na sinia la mchele wameliweka chini, hawakuwa na haja nalo tena. Nikajua wameshanisema wakamaliza. Baba akaenda mpaka kwao. Mimi nikasimama nyuma. Akawaamkua vizuri, akawauliza hali, akawauliza watoto, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, “Haja ilikuwa yangu, na mimi ndiye nimrudishaye. Mjane wa mkwe wangu halali nje.”

Mkwe wangu, Dada. Alilisema mbele ya Bi Waridi, na akimwambia Bi Waridi mtu amewaambia Kisauni yote.

Kisha akaingia ndani. Aliuliza Kombe alikuwa akilala upande gani, nikamwonyesha, akaketi upande ule ule. Akasoma Yasini mpaka mwisho, anakohoa, anaendelea. Kofia ya Kombe bado iko kwenye msumari, sijaitoa. Aliiondoa, akaipuliza vumbi, akautazama mshono wake, akairudisha. Alipotoka aliniambia niingie ndani na nisimsindikize, kwa kuwa niko edani.

Nilichokuwa nikikililia nimekipata. Lakini sasa namwogopea zaidi kuliko kwanza. Alirudi peke yake na kifua kile. Niambie ameamkaje.

Barke


Likoni, 3 Februari 1963

Kwa binti yangu Barke,

Baada ya salamu. Pamba imekwisha. Nimetia irabu.

Baba yako,
Mbwana

*Barke, mimi Mwanasiti naongeza hapa chini bila yeye kujua. Pamba iko tele, kapu limejaa mpaka linamwagika. Tangu ulipotoka edani ameona raha ya kukuita kwa njia hii, maana kusema “njoo nikuone” kinywa chake hakijazoea. Na kila ninapotaka kufunga blanketi anasema bado dogo, ongezeni safu. Lingemtosha yeye na Mwinyihaji wakilala pamoja, na ugomvi wao katikati. Kifua chake, usiku ukiingia, hakinifurahishi. Njoo na Florence, naye anao mfumo mpya.*


Likoni, 3 Desemba 1963

Kwa Bi Barke, Magogoni,

Baba amekwisha. Mwanasiti anakutaka.

Naandika kwa niaba yake, yeye hana nafasi ya kushika kalamu.

Jirani yenu,
Mwinyihaji


Magogoni, 3 Desemba 1963

Baba yangu, shikamoo. Na wewe Dada, salamu.

Safari hii mmepata mpaka karani! Mwinyihaji ana mwandiko mzuri lakini irabu zake amezila. Nzai ameitupa mlangoni akapita kama kawaida yake, na nilipofungua karatasi moyo ulinipasuka, wallahi, kwa muda wa kupepesa jicho, nikaegemea ukuta. Kisha nikacheka peke yangu mpaka Bi Waridi akaja kuniuliza kuna nini. Baba, mimi sikosei mara mbili.

Pamba imekwisha kwenu, na huku pia imekwisha. Nyekundu, nyeusi na kijani hazipatikani duka lolote, kila mtu anashona bendera za Uhuru, na mwenye duka hapa anasema hata angeniuzia shuka lake la kitandani lingechukuliwa. Florence alikuwa na vibonge viwili vyeupe. Anakuja Likoni leo alasiri kupeleka bendera alizoagizwa, nimempa avilete pamoja na barua hii.

Mimi nitakuja Ijumaa, inshallah, na mraba wangu wa mwisho. Nimebakisha safu mbili. Baba, safari hii ukisema bado dogo sitakusikiliza. Ulisema hujui bendera hiyo mpya itakuletea nini, lakini hutaki ikukute unatetemeka. Basi ikipandishwa itakukuta umejifunika.

Dada, huu utaupima mwenyewe. Nimeufuma bila kuuvuta uzi, sijui hata ni lini mkono ulilegea. Hautahitaji ukingo.

Binti yako na mdogo wako,
Barke


Likoni, 4 Desemba 1963, alfajiri

Mdogo wangu,

Florence ndiye anayekuletea hii kwa kivuko cha kwanza. Amelala hapa kwetu. Usimuulize kitu, kaa chini kwanza, kisha usome.

Jana asubuhi Baba alizidiwa, pumzi ikawa inapanda haishuki. Mimi nilikuwa nimemwegemeza kifuani pangu, nikamwambia Mwinyihaji akuandikie kwamba amekwisha, maana niliona hafiki kesho. Yeye hajui habari zetu za irabu. Mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka, na sikukumbuka. Tangu hapo nilikuwa nasikiliza hodi yako. Kila mguu ukipita uani nasema ni wewe.

Alasiri hodi ikabishwa, akaingia Florence na vibonge viwili na barua. Nilipoisoma mistari ya mwanzo nilitaka kuichana. Baba akafumbua macho akauliza ya nani. Nikamwambia ni ya Barke. Akasema niisome kwa sauti.

Nilisoma. Nilipofika pale uliposema hukosei mara mbili nikaishusha karatasi, lakini yeye alikuwa anacheka. Cheko lake lile la puani, hafifu, lakini ni lenyewe. Alinitaka nirudie hapo pa Bi Waridi. Nikamwambia namtuma Florence arudi sasa hivi akuite. Akanishika mkono akasema, “Usimwambie yeo. Mwache acheke mpaka kesho.”

Nikabishana naye, akafumba macho. Hakukaa sana. Adhana ya magharibi ilimkuta amekwenda.

Sijui kama nilifanya sawa kumtii. Utanilaumu, na nitanyamaza. Mazishi ni baada ya adhuhuri, tumesema hatoki mpaka umwone uso. Tumemfunika lile blanketi. Kona moja miguuni iko wazi, ndiyo nafasi ya mraba wako. Ulete, hata kama hizo safu mbili hujazimaliza.

Sasa nakuandikia lile neno uliloniomba zamani, nisikuzungushe. Baba amekwisha. Nimetia irabu zote, Barke. Kistari kiko juu ya alifu. Kitazame vizuri.

Dada yako,
Mwanasiti